Hukumu ya kifo: je, inatulinda sisi watu wa Haut-Lomami?



Somo la mara hii ni gumu. Tunawaomba mlisome polepole, na ikiwezekana mlisome pamoja na wengine.

Tarehe 13 Machi 2024 Waziri wa Sheria wa nchi yetu, Mama Rose Mutombo, alitia sahihi barua iliyotangaza kwamba hukumu ya kifo itaanza kutekelezwa tena. Kwa zaidi ya miaka 20 mahakama zetu zilikuwa zikiitoa hukumu hiyo bila serikali kumwua aliyehukumiwa. Watu wa mwisho, 15 kwa hesabu, waliuawa Januari 2003. Tangu hapo kulikuwa na kile kinachoitwa moratoriamu: sheria inabaki katika kitabu, lakini mkono unazuiliwa. Barua ya 2024 iliufungua mkono huo. Ilitaja wasaliti ndani ya jeshi, pia majambazi wa mijini wanaosababisha vifo, wale wanaoitwa Kuluna huko Kinshasa.

Hapa Kamina pia kuna watu waliofurahi. Sokoni na kwenye kituo cha gari la moshi tulisikia maneno yale yale: sasa wezi wataogopa, sasa askari wanaouza risasi kwa adui wataogopa. Hatuwacheki wala hatuwalaumu. Mtu aliyevunjiwa nyumba usiku mara tatu ana haki ya kutaka kulala. Lakini sisi tunaofanya kazi ya kupatanisha watu katika mkoa huu tumefikia wazo tofauti. Tunaona kwamba hukumu ya kifo ifutwe kabisa katika sheria za Kongo, na kwamba wahanga ndio watakaofaidika kwanza. Tutajaribu kuonyesha kwa nini, kwa kutumia mambo yaliyotokea kwetu.

"Na kama angekuwa mtoto wako?"

Hilo ndilo swali la kwanza tunaloulizwa kila mahali. Ni swali la haki, na ni vibaya kulijibu haraka haraka. Katika Malemba-Nkulu, Bukama na Kabongo watu hawaliulizi kama mchezo wa maneno. Wakati wa vita vya Mai-Mai na jeshi, vijiji vilichomwa, wanawake walishikwa kwa nguvu, watu waliuawa mbele ya watoto wao. Kuna familia zilizokimbilia ziwa Upemba na kukaa juu ya visiwa vya majani vinavyoelea, bila dawa wala shamba. Mama aliyepitia hayo akisema "auawe", asikutane na mtu wa kumhubiria. Hasira yake inasema ukweli mmoja: yule aliyekufa alikuwa na thamani, na dunia isijifanye kama hakukuwa na kitu.

Basi tumsikilize mpaka mwisho. Ukikaa naye na kunyamaza, atataja na mambo mengine. Anataka kujua mwili uko wapi. Anataka kujua nani alitoa amri, kwa sababu kijana aliyeshika panga hakuanza mwenyewe. Anataka mkubwa fulani aseme mbele ya watu kwamba jambo lile lilikuwa baya. Anataka mbuzi zake, au bei yake, na karo ya wajukuu ambao sasa anawalea peke yake. Na anataka yule mtu asirudi kijijini.

Angalieni sasa kila ombi. Kamba ya kunyongea haionyeshi mwili uko wapi. Aliyekufa hawezi kusema nani alimtuma, na ndiyo maana mara nyingi wale waliomtuma hawachukii hukumu ya kifo hata kidogo. Kamba hailipi karo. Kwa ombi la mwisho tu, lile la kutorudi kijijini, kifo kinajibu. Lakini gereza linalofungwa vizuri linajibu pia. Hapo ndipo shida yetu ya kweli inapoanza, na tunao mfano mkubwa.

Hukumu ya Kipushi na mlango wa Kasapa

Gédéon Kyungu Mutanga alikuwa kiongozi wa Mai-Mai katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto, lililoitwa pembetatu ya kifo. Mei 2006 alijisalimisha Mitwaba. Kesi yake ilifanyika Kipushi mbele ya mahakama ya kijeshi ya Haut-Katanga, na tarehe 5 Machi 2009 akahukumiwa kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi. Ilikuwa siku kubwa. Si mara nyingi katika nchi yetu raia wa kijijini wanasimama mbele ya tribinali na kulitaja jina la kiongozi wa vita. Mahakama iliagiza pia wahanga walipwe fidia.

Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa huko Lubumbashi. Wafungwa karibu 1000 walitoka, Gédéon akiwa kati yao. Mtu aliyehukumiwa kifo akarudi porini, na jina lake likaungana na lile la kundi la Bakata Katanga. Machi 2013 wapiganaji wa kundi hilo waliingia mpaka mjini Lubumbashi. Kufika mwisho wa 2013, watu waliokimbia makao yao katika Katanga yote walikuwa zaidi ya 400,000. Si yeye peke yake aliyewakimbiza, lakini wengi wao walikimbia wapiganaji wake au askari waliokuwa wakimtafuta.

Hadithi haiishi hapo. Oktoba 2016 Gédéon alitoka tena porini. Safari hii wakubwa wa mkoa walimpokea kwa shangwe, akawekwa katika nyumba huko Lubumbashi. Machi 2020, baada ya mapigano kati ya wafuasi wake na askari, akatoroka tena.

Tunawaomba msome tena tarehe hizo: 2009, 2011, 2016, 2020. Katika miaka hiyo yote hukumu ya kifo ilikuwa imeandikwa juu ya jina lake, na haikumlinda mtoto hata mmoja. Kitu kilichokosekana kilikuwa mlango imara, mlinzi anayelipwa mshahara, na serikali isiyobadili nia kila baada ya miaka michache. Wahanga waliomba ulinzi, wakapewa neno kali. Na ile fidia? Wanaofuata kesi za namna hii katika nchi yetu wanajua kwamba pesa zinazoagizwa na mahakama mara nyingi hazifiki mikononi mwa wahanga. Ni mwezi wa Desemba 2022 tu ambapo sheria ilianzisha mfuko wa taifa wa kuwalipa wahanga wa vita, FONAREV. Sisi tunasema: bidii inayotumika kudai kamba, itumike kuuliza mfuko huo umefika wapi Malemba-Nkulu.

Wengine watatujibu kwamba angeuawa mara moja 2009, asingetoroka 2011. Ni jibu lenye nguvu na hatulikwepi. Lakini nchi inayowaua wafungwa wake kwa sababu haiwezi kufunga mlango, itawaua wangapi? Wafungwa karibu 1000 walipita mlango uleule siku ileile.

Kati ya kamba na karamu

Mwaka 2004, hapa hapa Kamina, Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodiste alisaidia kuwaleta viongozi wa Mai-Mai waketi pamoja na wakubwa wa serikali. Wakati huo huo shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda lilikuwa likizunguka Katanga ya kaskazini na kuwapa baiskeli, au kinga kama tunavyosema kwetu, wale walioleta bunduki. Watu walicheka mwanzoni: kinga moja kwa bunduki moja! Lakini bunduki zililetwa.

Kazi ya namna ile inawezekana kwa sababu moja tu. Mtu aliye porini lazima aone kuna njia ya kutoka akiwa hai. Mpiganaji anayejua kwamba kamba inamngojea atapigana mpaka risasi ya mwisho, na risasi hizo zinapita katika kijiji cha mtu. Wanaotaka amani katika mkoa wetu wasiufunge mlango huo.

Tuseme pia upande wa pili, maana baadhi ya marafiki zetu katika kazi ya amani hawapendi kuusema. Kupokewa kwa shangwe kama 2016 si amani. Mjane aliyeona mtu aliyemfanya mjane akipigiwa makofi alijeruhiwa mara ya pili. Kufuta hukumu ya kifo hakumaanishi kusahau. Kati ya kamba na karamu kuna nafasi kubwa, ndiyo nafasi ya haki ya kweli: kesi ya wazi, kukiri mbele ya wahanga, kifungo kirefu kinachotumikiwa kweli, kulipa. Sheria yetu tayari ina kifungo cha maisha. Hatuombi adhabu mpya.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague imefanya hivyo na Wakongo. Thomas Lubanga wa Ituri alipewa miaka 14 mwaka 2012, Bosco Ntaganda miaka 30 mwaka 2019. Mahakama ile haina hukumu ya kifo, ingawa inashughulikia makosa makubwa kuliko yote. Fikirini jambo hili la ajabu: aliyeongoza jeshi la watoto alipata miaka 14, na kwa sheria ya Kongo kijana anayeiba simu akiwa na silaha anaweza kuhukumiwa kifo.

Mtoto wa Bukama

Vijana wetu wengi hawajui kwamba mkoa huu una mtu wake katika historia ya kamba. Évariste Kimba alizaliwa mwaka 1926 katika territoire ya Bukama. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Katanga wakati wa Tshombe, na Oktoba 1965 Rais Kasavubu alimteua kuwa waziri mkuu wa Kongo. Mwezi uliofuata Mobutu alichukua utawala.

Mwishoni mwa Mei 1966, wakati wa Pentekoste, Kimba na wenzake watatu, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walikamatwa. Walishtakiwa kwamba walipanga kumpindua Mobutu. Kesi ilifanyika mbele ya tribinali ya kijeshi, mahali pa wazi, bila mawakili, na ilichukua muda usiofika saa mbili. Tarehe 2 Juni 1966 wote wanne walinyongwa Kinshasa mbele ya umati wa makumi ya maelfu ya watu.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1997, uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Mashahidi ni wao. Taifa lile lile lililowanyonga kama wasaliti limeandika heshima yao juu ya uwanja ambao watu wanaimba na kushangilia mabao. Heshima hiyo ni nzuri, lakini haikumrudisha baba kwa watoto wake.

Kunyonga watu mbele ya umati hakukuanza na Mobutu. Mwaka 1922 serikali ya Wabelgiji ilimnyonga hadharani huko Élisabethville karani François Musafiri, aliyemwua mzungu, ili watu weusi waone na kuogopa. Sheria ya jinai tunayotumia inatoka kwenye amri ya kikoloni ya 1940. Kwa hiyo tunaposikia kwamba kupinga hukumu ya kifo ni mawazo ya wazungu, tunatabasamu kidogo. Kamba ile ililetwa na nani?

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Kanali Eddy Kapend alikuwa msaidizi wa Rais Laurent-Désiré Kabila. Januari 2003 Mahakama ya Amri ya Kijeshi ilimhukumu kifo pamoja na wengine karibu 30 kwa kuuawa kwa rais huyo Januari 2001. Mahakama ile haikuwa na rufaa. Kapend alikana siku zote. Januari 2021, kwa msamaha wa Rais Tshisekedi, alitoka gerezani Makala akitembea kwa miguu yake baada ya miaka 20. Kama moratoriamu isingekuwapo, msamaha huo ungepelekwa makaburini.

Na tarehe 30 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo Joseph Kabila, bila yeye kuwapo, kwa usaliti na makosa ya vita. Hatusemi hapa kama ana hatia au hana. Tunaona tu kwamba wale 15 waliuawa akiwa rais, kisha moratoriamu ikadumu chini ya utawala wake mpaka alipoondoka 2019, na sasa hukumu hiyo imemfikia yeye. Tangu 1966 mpaka leo, neno "msaliti" katika nchi yetu limekuwa likihama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kadiri kiti kinavyobadilika. Adhabu isiyoweza kurudishwa haifai kufungwa kwenye neno linalohama hivyo.

Nani anabaki?

Tarehe 13 Septemba 2024 watu 37 walihukumiwa kifo Kinshasa kwa jaribio la mapinduzi la Mei mwaka ule. Watatu walikuwa Wamarekani. Aprili 2025 hukumu yao iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, wakapelekwa kwao. Jean-Jacques Wondo, mwenye uraia wa Ubelgiji, alitoka Februari 2025. Hatuwaonei wivu, kila mtu anayeokoka kamba ni furaha. Lakini Wakongo wasio na ubalozi wa kuwaombea walisaidiwa na nani?

Januari 2025 Wizara ya Sheria ilitangaza kwamba wanaume 102, wenye umri kati ya miaka 18 na 35, wamepelekwa gereza la Angenga, katika mkoa wa Mongala, wakauawe huko. Waliitwa Kuluna na majambazi. Waziri wa wakati ule alikuwa Constant Mutamba. Septemba 2025 yeye mwenyewe alihukumiwa miaka mitatu ya kazi za lazima katika kesi ya pesa zilizopangwa kujenga gereza Kisangani. Alikana. Sisi tunaona huzuni tu katika habari hiyo: gereza lenye nguvu ndilo jibu tunalolitafuta katika somo hili lote, na tazameni lilivyoishia.

Yeyote aliyewahi kufuata kesi ya ndugu yake anajua mambo yanavyokwenda. Avoka anataka pesa, na ukimpata wa bure humwona siku ya kesi tu. Faili linaandikwa kwa Kifaransa, mshtakiwa anasema Kiluba. Karatasi ya kukiri inatiwa kidole gumba usiku. Mwenye pesa anatoka kabla ya kesi kuanza. Mahali kama hapo, hukumu ya kifo haiwachagui wabaya kuliko wote. Inawachagua wasio na mtu.

Kuna pia askari. Hapa Kamina jambo hili linatugusa, kwa sababu katika Base yetu maelfu ya vijana wamefundishwa uaskari, na wengi wametoka nyumba zetu. Mei 2024 askari 8 walihukumiwa kifo Goma kwa kukimbia mbele ya adui. Julai 2024 wengine 25 walihukumiwa huko Kivu ya Kaskazini. Askari anayetupa bunduki na kuwaacha raia amefanya kosa kubwa. Lakini kijana ambaye hajala siku mbili, ambaye mshahara wake umepotea njiani, ambaye kamanda wake ametangulia kukimbia, je, yeye ndiye wa kufungwa kwenye mti?

Je, inatisha?

Kati ya wanaoiba kwa panga usiku, ni wachache wanaosoma sheria kwanza. Wanaamini hawatakamatwa, na mara nyingi ni kweli. Kinachomtisha mwizi ni kujua kwamba atapatikana, hata kama adhabu ni miaka mitano. Katika miji yetu polisi hawana gari, na wakiwa na gari hakuna mafuta.

Jambo lingine linatutia wasiwasi zaidi. Hapa na pale watu wanamshika mtu anayeshukiwa wizi, au mama mzee anayeitwa mchawi, wanampiga mawe au kumchoma kwa tairi. Tukiwauliza vijana kwa nini, wanajibu kwamba serikali haifanyi kazi yake, basi wao wanaifanya. Serikali ikitangaza kwamba kuua ndiyo kazi yake, inawapa vijana hao haki. Hatuwezi kuwafundisha asubuhi kwamba mtu haguswi, halafu jioni redio iwaambie kwamba watu 102 wako njiani kwenda kuuawa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 16, inasema kwamba mtu ni mtakatifu na serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 61 kinasema haki ya kuishi haisimamishwi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Bunge letu liliwahi kupewa nafasi ya kukubaliana na maneno hayo: Novemba 2010 mbunge André Mbata alileta pendekezo la kufuta hukumu ya kifo, likakataliwa.

Majirani zetu

Kongo inapakana na nchi 9. Sita zimeifuta: Angola 1992, Rwanda 2007, Burundi 2009, Kongo-Brazzaville 2015, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Zambia 2022. Tanzania, Uganda na Sudan Kusini bado zinayo katika sheria.

Wafanyabiashara wetu wanaopita Kasumbalesa kwenda Ndola na Kitwe wanaijua Zambia. Rais Hichilema alitia sahihi Desemba 2022. Hatujasikia wakirudi na kusema kwamba barabara za kule sasa ni hatari kuliko za kwetu.

Tunajua kwamba kuitaja Rwanda wakati huu, baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025, kunawachoma wasomaji wengi. Tunaitaja kwa sababu moja. Aprili 1998 nchi ile iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Miaka 9 baadaye iliifuta hukumu hiyo, kwa sehemu ili mahakama ya Arusha na nchi za Ulaya zikubali kuwapeleka washtakiwa kuhukumiwa nyumbani. Hilo linatuhusu moja kwa moja. Nchi nyingi haziwezi kumrudisha mshtakiwa mahali anaposubiriwa na kifo. Wale waliowaumiza watu wetu na kukimbilia nje watakaa huko salama, wakilindwa na sheria yetu wenyewe.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Tunashauri kikundi kiwe na watu kumi au kumi na watano, na waliopoteza ndugu waseme wa kwanza wakitaka, wasilazimishwe. Msiwaite wahanga na familia za waliofungwa siku moja kabla hamjazungumza na kila upande peke yake. Kama kuna askari au polisi, waje bila silaha. Msipige kura mwishoni.

1. Katika kijiji au mtaa wenu, nani aliuawa na hakuna kesi iliyofanyika mpaka leo? Familia yake inaomba nini? Andikeni maombi yote kabla ya kuzungumza juu ya adhabu.

2. Someni tena habari za Gédéon Kyungu kuanzia 2009 mpaka 2020. Kwa kila tarehe, ni nani alipaswa kufanya kazi yake na hakuifanya?

3. Mkiona kesho umati unamshika kijana na kuita tairi, nani kati yenu atasimama mbele? Ana namba ya simu ya nani? Chifu wa mtaa atafika baada ya dakika ngapi?

4. Gereza la karibu nanyi linafungwaje, nani anawalisha wafungwa, na walinzi walilipwa lini mara ya mwisho? Tumeni watu wawili wakaulize kwa heshima kabla ya mkutano ujao.

5. Mbunge wenu anasema nini juu ya hukumu ya kifo? Kama hamjui, mwandikieni barua fupi, mtie sahihi wote, na muweke nakala.